Mwalimu Asibebe Peke Yake: Hotuba kwa Walimu wa Eastlands

Walimu wakuu na manaibu wenu, wawakilishi wa bodi za shule, wazazi, na ninyi walimu wenzangu mliotoka Kayole, Dandora, Mathare, Mukuru na pembeni mwa Jogoo Road kuja hapa Jumamosi, siku ambayo mngekuwa mkifua, mkisahihisha au mkilala: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu ustahimilivu wa mwalimu. Nitasema kwanza ninachoamini, kisha nieleze kwa nini. Mwalimu hadumu katika kazi hii kwa kuwa ana moyo mgumu kuliko wengine. Hudumu kwa sababu yupo mwenzake anayejua hali yake ilivyo hasa, na kwa sababu shule imempunguzia mizigo ambayo haikuwa yake. Shule inayotaka walimu wastahimilivu lazima iyatengee mambo haya mawili saa, mahali na msimamizi, kama inavyolitengea somo la Hisabati.

Nimehudhuria semina nyingi ambapo mwalimu anaambiwa ajitunze: alale mapema, anywe maji, afanye mazoezi, asali. Ni mashauri mema na sina ugomvi nayo. Lakini mpe mashauri hayo mwalimu anayetoka Ruai saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ndiye wa zamu, anayefundisha hadi jua linapoinama na kurudi nyumbani na mfuko wa madaftari sabini. Atakusikiliza kwa heshima. Akimaliza kukusikiliza, madaftari bado yatakuwa sabini.

Tumtazame mwalimu mmoja. Si mtu fulani. Nimemuunda kutokana na wengi ninaowafahamu, na huenda baadhi yenu mkajiona ndani yake. Anafundisha Gredi ya 8 katika sekondari msingi iliyo ndani ya ua wa shule ya msingi. Alisomea Biolojia na Kemia. Leo anafundisha Sayansi Jumuishi, na Kilimo pia, kwa kuwa hakuna mwingine. Maabara hakuna, kwa hiyo vyombo vya majaribio huvibeba kwenye kikapu kutoka stoo hadi darasani, na kila akipanda ngazi anaomba asikwae. Ikifika chai ya saa nne ana kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili, anaingiza alama za tathmini kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani kwa sababu jana mtandao uligoma. Kabla hajapiga funda la pili, mvulana anasimama mlangoni: hajala tangu jana mchana. Akimalizana naye, anaingia msichana ambaye nyumba yao imebomolewa. Naibu anapita na kumkumbusha kwamba faili ya tathmini ya utendakazi inatakiwa leo. Kengele inalia. Chai imeshaweka utando juu. Anaiacha hapo mezani na kurudi darasani, na kipindi kinachofuata anafundisha vizuri, kwa sababu ni mwalimu mzuri.

Mkaguzi akija atamwona akifundisha vizuri. Ile chai hataiona.

Hicho kikombe ndicho kinachonileta kwenu. Kila mnachokiona kwa mwalimu huyu ni ustadi, na kila kinachommaliza kimefichika. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika chumba cha walimu wenye vikombe ishirini mezani kila mmoja hudhani ni wake tu unaomlemea.

Mnaikumbuka Aprili na Mei 2024. Mvua ilinyesha hadi mito ya Nairobi na Mathare ikaingia majumbani. Shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, zikasogezwa hadi Mei 6, kisha hadi Mei 13. Zilipofunguliwa, walimu wa Mathare na Mukuru walipokea watoto waliopoteza sare, vitabu na vitanda, na wengine ndugu zao. Halafu yakaja matingatinga kando ya mito, na baadhi ya watoto walioponea mafuriko wakakosa nyumba tena. Nani aliwasikiliza? Wewe. Ulisikiliza mtoto wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kazi hiyo haimo katika maazimio ya kazi wala katika andalio la somo. Haina alama kwenye tathmini ya utendakazi. Lakini ni kazi, na inachosha kuliko kufundisha, kwa kuwa unayoyasikia hayabaki shuleni. Unapanda nayo matatu hadi nyumbani, na mwanao akikusalimu unamjibu kwa ukali usioujua ulikotoka.

Kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha kwa ajili ya wanafunzi. Sijaona shule nyingi zenye mtu wa kumshauri mshauri.

Shirika la Afya Duniani lilifanya jambo mwaka wa 2019 ambalo kila bodi ya shule ingefaa kulijua. Lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa, uchovu wa kazi uliopindukia uliandikwa humo, lakini haukuitwa ugonjwa. Ulielezwa kuwa jambo la kazini, linalotokana na shinikizo la muda mrefu mahali pa kazi ambalo halikushughulikiwa. Dalili zake zilitajwa tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuhisi kwamba huna ufanisi na hutimizi lolote kazini. Zingatieni mahali tatizo lilipowekwa. Liliwekwa kazini. Mwalimu aliyefika hapo si dhaifu, wala si mvivu, wala hajapungukiwa na imani. Amekaa muda mrefu mno chini ya mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Kuna utafiti ambao huupenda sana. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Baadhi walikulia katika umaskini, ugomvi na ulevi wa wazazi. Hata hivyo, kiasi cha theluthi moja ya hao waliokuwa hatarini walikua watu wazima imara, wenye upendo na kazi. Watafiti walipochunguza kilichowakinga, walikuta kwamba mtoto alikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa: nyanya, jirani, na mara nyingi mwalimu. Ninyi mmekuwa mtu huyo kwa watoto wengi wa Eastlands. Swali langu leo ni nani mtu huyo kwenu.

Sasa tuzungumze kuhusu pesa. Walimu wengi wanaokuja kwangu wakisema hawapati usingizi, tukikaa nusu saa tunafika kwenye hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili mfanyakazi abaki na theluthi moja mkononi. Ilitungwa kuwa kinga, lakini walimu wengi tumeigeuza kuwa shabaha: tunakopa hadi tuguse mstari. Kuna mkopo wa Sacco, chama cha akiba na mikopo, wa kununua kiwanja Kamulu. Kuna mkopo wa benki wa karo ya mtoto wa chuo. Halafu kuna yale yasiyoonekana kwenye hati: mchango wa mazishi, mchango wa hospitali, harambee ya binamu, makundi matano ya WhatsApp na kila moja lina mweka hazina. Halafu mikopo ya simu, ambayo hula ile theluthi kabla ya tarehe tano ya mwezi.

Deni lenyewe silo linalomvunja mwalimu. Kinachomvunja ni kujificha. Ameazima kwa wenzake wawili, basi haendi tena kwenye chai ya saa nne ili asikutane nao. Anashuka kwa miguu kutoka Donholm kuokoa nauli, anachelewa, naibu anaandika jina lake kwenye kitabu. Mume wake hajui, au mke wake hajui. Kwa nje anaonekana mwalimu anayejitenga na kuchelewa, na shule inamchukulia hatua za nidhamu kwa jambo ambalo lingeanza kutatuliwa na watu wawili, kalamu na hati ya mshahara iliyofunguliwa mezani. Nimeona hilo likifanyika. Ukiyaandika madeni yote kwenye karatasi moja, lenye riba kubwa juu, unaona kwamba yana mwisho. Sacco inaweza kuombwa iongeze muda wa kulipa. Kundi la michango linaweza kuambiwa "mwezi huu siwezi", na jua likachomoza kesho yake. Lakini ni vigumu kuyafanya haya ukiwa umejifungia peke yako.

Na tusisahau kwamba walimu ndio waliojitafutia dawa hii zamani. Sacco ya Mwalimu National ilianzishwa mwaka wa 1974 na walimu, wakichanga kidogo kidogo ili mwenzao asiende kwa mkopeshaji wa mtaani. Kabla ya hapo, chama cha kutetea walimu, KNUT, kilizaliwa mwaka wa 1957, wakati walimu wa Kenya walikuwa wameajiriwa na waajiri tofauti tofauti, huyu na misheni, yule na serikali ya wilaya, kila mmoja na masharti yake. Walidai mwajiri mmoja, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikaundwa mwaka wa 1967. Hawakuambiana wawe wastahimilivu. Walikaa pamoja wakataja kilichowaumiza, wakakidai kiondolewe. Figa moja haliinjiki chungu, na waliotutangulia walilijua hilo bila semina.

Ndiyo maana napinga, tena kwa nguvu, tabia ya kutumia neno ustahimilivu kumnyamazisha mwalimu anayedai haki yake. Sekondari msingi zilipoanza Januari 2023, zilibebwa kwa sehemu kubwa na walimu wanagenzi waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, watu wenye shahada na stashahada, wakifundisha vipindi sawa na wenzao walioajiriwa kwa kudumu. Waligoma mwaka wa 2024. Kuna waliowaambia wavumilie, ualimu ni wito. Ualimu ni wito, naam, na mwenye nyumba kule Umoja anataka kodi tarehe tano. Mwanagenzi akiwa na wasiwasi wa kodi, jibu la kwanza ni ajira yenye masharti ya haki. Zoezi la kupumua halilipi kodi.

Kumpunguzia mwalimu mzigo kunawezekana, na hapa Nairobi tumeona mfano. Mwaka wa 2023 Kaunti ilianzisha mpango wa Dishi na Kaunti, na mtoto wa shule ya umma akaanza kupata chakula cha mchana kwa shilingi tano. Watu wanauzungumzia kama mpango wa watoto, na ni kweli. Lakini waulizeni walimu wa shule zilizofikiwa. Wengi wetu tulikuwa na fungu la siri la mandazi na maziwa, linalotoka mfukoni mwetu, kwa ajili ya wale watano sita wanaosinzia kipindi cha baada ya saa sita. Sahani ile ya wali na ndengu ilimwondolea mwalimu gharama, ikamwondolea pia uchungu wa kuchagua nani ale leo na nani asubiri kesho. Hakuna aliyefundishwa ustahimilivu siku hiyo. Kilichotokea ni kwamba jambo moja lililomchosha liliondolewa. Kila shule ikae na kuuliza: ni jambo gani moja tunaweza kuliondoa sisi wenyewe? Mkutano wa saa nzima ambao ungekuwa ujumbe wa mistari mitatu? Ripoti inayoandikwa mara mbili, kwenye karatasi na kwenye mtandao? Ujumbe wa mwalimu mkuu kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku?

Nije sasa kwenye lile jambo lingine, mwenzako anayejua hali yako, kwa sababu hapa nina pendekezo kamili.

Mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona kwamba Zimbabwe ilikuwa na madaktari wachache mno wa aina yake kuweza kuwafikia watu wote waliohitaji msaada. Mwaka wa 2006 akaanza na nyanya kumi na wanne wa mtaa wa Mbare. Waliketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Anayekuja huulizwa maswali machache, kisha husikilizwa. Hutaja matatizo yake yote, huchagua moja tu la kuanza nalo, na wawili hao hupanga hatua ndogo ya kufanywa kabla ya kukutana tena. Basi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliwahusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona. Miongoni mwa waliokaa kwenye benchi na nyanya walikuwa asilimia 14.

Nyanya wale hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa na mafunzo mafupi, subira, na heshima ya mtaa wao. Chumba cha walimu kina watu wa namna hiyo. Mnawajua. Ni yule Mwalimu ambaye kila mtu humpitia kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu.

Ninachoomba ni kipindi kimoja kwa juma, dakika 40, kiandikwe kwenye ratiba ya shule kwa jina: kipindi cha walimu. Si mkutano wa walimu. Matangazo yasiletwe humo, wala matokeo ya mtihani, wala mchango. Walimu wagawanyike katika vikundi vya wanne au watano. Kila kikundi kiwe na msikilizaji aliyepewa mafunzo. Mwalimu mkuu naye awe katika kikundi, lakini na walimu wakuu wa shule jirani, kwa sababu hakuna atakayefunguka mbele ya mtu anayejaza fomu yake ya tathmini. Yanayosemwa yabaki hapo. Atakayeyatoa nje atolewe kikundini bila mjadala. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kukaa tu na kusikia kwamba mwenzako naye hulala saa nane usiku akiwaza ni nafuu kubwa. Na kikundi kisigeuke mahali pa kusengenya. Kila mtu atoke na hatua moja: nitapiga simu Sacco Jumatatu, nitamwambia mke wangu leo, nitaomba nibadilishwe zamu.

Neno kwa walimu wa kiume. Wengi wenu mmelelewa mkijua kwamba mwanamume hukaza. Nimewaona waliokaza hadi chupa ikawa ndiyo msikilizaji wao, na nimezika baadhi yao. Tafadhali ingieni kwenye vikundi hivi mapema, mkiwa bado mnacheka.

Pia kuna mipaka. Msikilizaji si daktari. Mwenzenu akikaa majuma mawili hali wala halali, akianza kugawa vitu vyake, akisema familia yake ingekuwa afadhali bila yeye, msimwombee tu na kumwacha aende nyumbani. Kaeni naye. Pigeni 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa ada. Mpelekeni hospitali ya kaunti iliyo karibu, au Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na msione haya kulitaja jina hilo. Ni hospitali kama nyingine na imewatibu walimu wengi waliorudi darasani. Na iwapo kuna anayeogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa anayestahili matibabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tumeumbuliwa vya kutosha.

Najua pingamizi. Silabasi ni ndefu, madarasa yana watoto wengi, na dakika 40 kwa juma ni somo zima linalopotea. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka wa 2003 hatujawahi kuwa na walimu wa kutosha kwa watoto tulio nao, na silidharau hilo. Lakini pigeni hesabu ya vipindi vinavyopotea mwalimu anapokuwa mgonjwa kwa mwezi mzima, au anapoomba uhamisho, au anapobaki mbele ya darasa kimwili huku moyo wake umeshaondoka. Vipindi hivyo havimo kwenye ratiba, ndiyo maana hatuvihesabu.

Ratiba za muhula ujao bado hazijabandikwa ukutani. Manaibu, ninyi ndio mnaozipanga, kwa hiyo ombi langu liko mikononi mwenu zaidi ya mtu yeyote humu ndani. Kabla hamjaondoka, kaeni shule kwa shule. Andikeni siku, saa, na majina ya walimu wawili mtakaowaomba wawe wasikilizaji. Karatasi ziko kwenye meza karibu na mlango. Shule isiyoweza kutenga kipindi hicho ieleze kinachoizuia, tukitafutie njia hapa hapa.

Sasa maswali. Naomba tuanze na walimu wanagenzi mliokaa nyuma, kisha walimu wakuu watafuata.